Kwa rafiki anayetafsiri mashairi ya mahandakini

Kwako Mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na nyumbani wote hawajambo. Barua yako imenifikia pamoja na ubeti wa kwanza wa tafsiri yako ya shairi la gesi la Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, "Dulce et Decorum Est". Uliniomba nisikufiche, nami sikufichi: vina vimekaa, mizani imetimia, ila askari hawamo. Umeanza hivi:

Wanajeshi wa imani, walipita taabuni

Owen hakutaja imani wala taabu. Alitaja migongo iliyopinda, ombaomba na magunia, magoti yanayogongana, kikohozi cha vikongwe, tope, viatu vilivyopotea, na nyayo zilizovikwa damu mahali pa viatu. Ukiyaondoa hayo ukaweka "taabu", msomaji anaitikia kwa kichwa na kuendelea zake. Ukimwachia kikohozi na zile nyayo, naye anachechemea. Mimi ningejaribu hivi:

Tumepinda migongo, ombaomba chini ya magunia,
magoti yakigongana, tukikohoa kama vikongwe,
tukalaani, tukalipasua tope

Utaona sikuhesabu mizani. Mstari wa Owen una silabi kumi hivi na mapigo matano, lakini maneno ya Kiingereza ni mafupi na yetu ni marefu. Ukiubana kwenye mizani 10 utapata maneno manne au matano tu, na kitakachotupwa kwanza ni gunia au kikongwe. Ukiutia kwenye tarbia, ubeti wa mistari minne, ya mizani 16, kituo cha katikati kitawapa askari hawa mwendo wa gwaride. Owen mwenyewe anauvunja mdundo kwa makusudi: anaweka koma na nukta katikati ya mstari, mtu asome akisimama, aende, asimame tena. Kwa hiyo achia urefu wa mstari ucheze kati ya mizani 12 na 18, ulinde vituo. Kiambishi -ki- kitakusaidia kuliko kina chochote, maana kinaonyesha jambo linaendelea bila kufika mwisho.

Hesabu mafungu yake kabla hujagusa tena kalamu. Shairi lina mistari 28: minane ya mwendo, sita ya gesi, miwili peke yake, kisha kumi na miwili. Ile miwili ndiyo moyo wa shairi, na ndipo watafsiri wengi wanapoharibu. Katika fungu la gesi mambo yamepita: mmoja hakuwahi kuvaa barakoa, akapiga kelele, akapepesuka kama mtu aliyeingia motoni au kwenye chokaa mbichi, nami nikamwona akizama. Halafu ghafla wakati unabadilika. Katika ndoto zangu zote ananirukia, leo, kila usiku. Ukiendelea na -li- hapo umeliua shairi, kwa sababu msomaji atadhani jambo limekwisha. Tena, "akizama" ndilo neno la mwisho la fungu la mistari sita na ndilo neno la mwisho la ile mistari miwili. Kwetu kurudia neno lile lile kuwa kina ni udhaifu, ningemkosoa mwanafunzi wako. Hapa kuna sababu: kilichomshika hakina njia ya kutoka, kinarudi pale pale. Liache: "akikoroma, akipaliwa, akizama".

Usidhani kuzama huko ni pambo. Wajerumani waliachia klorini karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, gesi ya rangi ya kijani kibichi inayoelekea manjano, nzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama mahandakini. Ikiingia mapafuni inayachoma, mapafu yanajaa majimaji, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Ndiyo maana Owen anamwona kama aliye chini ya bahari ya kijani, kupitia vioo vilivyoingia ukungu, na ndiyo maana baadaye damu inasikika ikigugumia kutoka mapafuni. Mwili unaeleza, mshairi anaufuata. Na yule askari walimtupa garini. Nimeona tafsiri inayosema "walimlaza". Hawakumlaza, walikuwa hoi, na gari lilikuwa linaondoka. Usimpe jina pia, wala usimwite shujaa. Owen anamwita mtu fulani tu.

Maneno ya Kilatini ya mwishoni yaache kwa Kilatini. Ni ya Horace, mshairi wa Roma ya kale, kwamba ni tamu na ni jambo la heshima kuifia nchi, na vijana wa Uingereza waliyasoma shuleni. Mwaka 1913 yalichongwa katika kanisa la chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Wakati wa kusoma mbele ya wanafunzi, eleza maana kabla, kisha shairi liende bila kukatizwa. Mstari wa mwisho ni mfupi kuliko yote iliyotangulia. Usiujaze.

Uliniuliza habari ya vina vyake vya "kombo". Hiyo ni katika "Strange Meeting" na "Exposure", si katika shairi la gesi, ambalo vina vyake ni kamili. Owen anashika konsonanti na kubadilisha irabu, kama mtu apange choma, chema, chuma. Sikio linangoja kina, linapata karibu na kina, linabaki na kiu. Katika "Exposure" hilo linafaa mno, kwa kuwa askari wamelala thelujini wakingoja shambulio lisilokuja, na baridi ndiyo inayoua. Beti ni nane, za mistari mitano, na ule wa tano ni mfupi. Katika beti nne, ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya nane, unasema kwamba hakuna linalotokea. Kiswahili kina maneno mengi ya aina ya choma na chuma, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Jaribu ubeti mmoja tu, na usilazimishe beti zote.

Siegfried Sassoon, mshairi mwingine wa vita hiyo, ni kazi nyingine kabisa, na hapo ujuzi wako wa utenzi utakufaa. "Suicide in the Trenches" lina beti tatu za mistari minne, silabi 8 karibu kila mstari, sawasawa na mizani ya utenzi, na vina viwili viwili. Linaenda kama wimbo wa watoto: kijana mchangamfu, kisha majira ya baridi, chawa, makombora, kukosa pombe ya kujipasha moto, kisha risasi kichwani kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemtaja tena. Wepesi wa mdundo ndio unaouma, kwa hiyo huku shika mizani kwa ukali wote. Ukiirefusha au ukiongeza kilio, umeipoteza.

Usimsahau Isaac Rosenberg. Owen na Sassoon walikuwa maafisa. Yeye alikuwa askari wa kawaida, aliyeuawa tarehe 1 Aprili 1918. Katika "Break of Day in the Trenches" la mwaka 1916, panya aliyegusa mkono wa Mwingereza anavuka kwenda kuugusa wa Mjerumani. Panya ana uhuru ambao vijana wale hawana. Basi, hakuna maelezo zaidi, na usiyaongeze.

Wanafunzi wakiuliza haya yanatuhusu nini, waambie vita hiyo hiyo ilipiganwa huku Afrika Mashariki, na jina la Kariakoo linatokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo yake. Walikufa zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Tenzi zetu za vita husimulia vita vizima, majemadari na miji. Huyu wa handakini anakaa na mwili mmoja hadi mwisho. Wape wanafunzi mizigo ile: uzito begani, unga uliooza, jipu la mguu. Wataandika vizuri kuliko ukiwapa neno "ukoloni".

Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre–Oise, wiki moja kabla ya vita kusitishwa, akiwa na miaka 25. Shairi la gesi lilichapishwa mwaka 1920. Taja hayo mwishoni, baada ya kusoma, kwa sababu ukianza nayo darasa litamlilia Owen na kumsahau yule wa garini.

Nitumie fungu la gesi utakapolimaliza, kabla hujagusa ile mistari miwili. Wasalimie wote nyumbani, na mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Rafiki yako