Barua ya wazi kwa darasa lililobandika majina mlangoni

Wanangu mliomaliza kidato cha nne mwaka huu,

Siku ya mahafali mlinipa shikamoo nyingi na niliziitikia zote. Mlinikalisha meza kuu, binti mmoja akanivisha shada, na mshereheshaji akanitambulisha kuwa ni mzee aliyesoma shule hii enzi za Mwalimu Nyerere. Nawashukuru kwa heshima hiyo. Nilikusudia kuwaandikia barua ya pongezi, na mistari ya mwanzo nilikwisha kuiandika kichwani nikiwa pale pale nimeketi. Nimeiacha, kwa sababu ya nilichokiona nilipotoka bwaloni kwenda kunawa mikono.

Mlangoni palibandikwa karatasi. Majina yenu yote yameandikwa kwa mkono, na mbele ya kila jina pana alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Majina tisa hayakuwa na alama. Nikamuuliza kijana aliyesimama hapo, amevaa fulana ya mahafali, hii karatasi ni ya nini. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Babu, hao hawajakamilisha mchango." Mchango wenyewe shilingi 35,000, kwa ajili ya fulana, keki, muziki na pilau. Waliokamilisha walikuwa ndani. Wasiokamilisha walikuwa chini ya ule mwembe wa karibu na stoo.

Kati yao alikuwepo mvulana mmoja na mama yake. Mama amevaa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Kapuni mwake mlikuwa na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mwalimu wa darasa. Harufu ya pilau inawafikia hapo walipo. Yule kijana amesimama, mguu wa kulia ameukanyagisha juu ya wa kushoto, macho yako chini. Mkao huo naujua. Nitawaeleza niliujulia wapi.

Nimengoja wiki kadhaa hasira inipungue ndipo niandike. Haikupungua. Na nawaandikia ninyi, siyo walimu wala kamati ya wazazi, kwa sababu nilipouliza niliambiwa kwamba karatasi ile mliitunga ninyi wenyewe, mkaipigia na kura.

Mimi niliingia hapo Januari 1981, nikamaliza 1984. Shule ilikuwa ya wavulana watupu, na mji wetu ulikuwa mdogo kuliko mnavyoujua: stesheni, soko, zahanati, maduka machache yenye rafu tupu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, lakini deni lake lilikuwa bado linalipwa, na lililipwa jikoni kwa mama zetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mafuta yakapanda bei duniani kote, fedha za kigeni hakuna. Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, ikapita na mingine, na mimi nikamaliza kidato cha nne hali ikiwa ile ile.

Sabuni, sukari, unga, viberiti, wembe, vyote vilikuwa vya foleni, na kwenye foleni unakwenda na barua ya balozi wa nyumba kumi. Jumapili ikifika saa 8 mchana, magari ya watu binafsi yanasimama yasitumie petroli. Meno tulipiga mswaki kwa mkaa na chumvi. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Miguuni makatambuga ya tairi. Bwaloni tulikula ugali wa njano, mahindi ya msaada kutoka Marekani, tukauita unga wa yanga kwa rangi ya jezi za Yanga. Una harufu ya ghala na hauteremki bila maji. Mara mbili shule ilifungwa kabla ya wakati kwa sababu stoo ilikuwa tupu.

Hayo siyasemi ili mtuonee huruma. Nayasema ili mjue tulikuwa na nini mkononi siku nitakayowasimulia.

Baba wa mwenzetu mmoja alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulipotoka likizo ya Juni 1983, mwenzetu huyo akarudi na miche miwili ya sabuni ya mawese kutoka Kigoma. Wanangu, mche wa sabuni mwaka huo ulikuwa mali. Angeweza kuufungia ndani ya tranka akatumia mpaka Desemba, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaileta yote miwili darasani, akaiweka juu ya dawati la mbele.

Tulikuwa 40. Kiranja wa darasa akachukua rula, akatia alama kwa ncha ya bikari, vipande ishirini kila mche, kila kimoja unene wa kidole gumba. Kisha akaomba uzi wa kushonea. Ncha moja akaishika yeye, nyingine akampa mwenzake, wakauzungusha na kuvuta, sabuni ikakatika taratibu bila kuacha hata chembe. Alikataa kisu kwa sababu kisu kinabomoa, na makombo yakianguka yamepotea. Darasa zima lilikuwa kimya likiutazama ule uzi ukizama.

Wawili wetu walikuwa wamelazwa zahanati kwa malaria. Mmoja akasema, hao kwa sasa hawafui, vipande vyao tuvigawane. Kiranja hakumjibu. Alichana ukurasa wa gazeti la Uhuru, akafunga kila kipande peke yake, akaandika majina, akaenda bwenini na kuviweka chini ya mito yao. Mmoja wa wagonjwa wale nilikuwa mimi. Haya nimeyapata kwa wenzangu, isipokuwa gazeti. Gazeti nilijifungulia mwenyewe nilipotoka zahanati, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa msidhani nawasimulia malaika. Tulikuwa na sababu ya kugawana namna ile, na sababu yenyewe inauma.

Mwaka mmoja kabla, 1982, tulikuwa 41. Alikuwepo mwenzetu aliyetoka mbali. Muhula mzima hakupata kifurushi, hakupata barua, na kila siku alikuwa anaomba: leo chumvi, kesho kalamu. Tukampachika jina la Ombaomba. Usiku mmoja sukari ya mtu ikapotea trankani, ikakutwa kwake, nusu kikombe, ameificha ndani ya soksi. Tulimtoa bwenini, tukamsimamisha kwenye mwanga wa karabai, tukamzomea. Aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kiranja wetu. Mimi sikuzomea. Nilikaa kimya, na ndani ya tranka langu mlikuwa na robo kilo ya sukari niliyopewa na shangazi.

Alisimama pale, mguu wa kulia ameukanyagisha juu ya wa kushoto, macho chini.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Waranti yake ya treni alikuwa ameiacha juu ya godoro, kwa hiyo tukajua ameondoka kwa miguu, amefuata reli. Siku chache baadaye mwalimu wa zamu alituambia paredini kwamba baba wa kijana yule alifariki wiki ya pili ya muhula. Kijana mwenyewe alikuwa amepata habari hizo na hakumwambia mtu. Hakurudi tena. Kila tunapokutana sisi tuliobaki hai, kuna wakati mazungumzo yanafika kwake, na watu wazima wenye wajukuu wanatazama sakafu.

Ndiyo maana nilipomwona mwenzenu chini ya mwembe, pilau ilinikwama. Sisi tulikuwa na robo kilo ya sukari na tukashindwa. Ninyi mlikuwa na masufuria mawili makubwa ya pilau, na nyingine ikabaki! Niliona jioni mpishi akimwaga ukoko na nyama kwenye ndoo ya mfugaji wa nguruwe. Wenzenu tisa wangekula wakashiba, na hakuna ambaye sahani yake ingepungua tonge moja. Miaka minne mmekaa nao dawati moja, mmenakili nukuu zao, mmeazima rula zao. Mnajuaje kilichoko nyumbani kwao? Mliuliza? Katika wale wote waliopiga kura, hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, fulani tumlipie?

Jambo la mwisho kuhusu enzi zetu. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa. Shule nzima ilikuwa na redio moja, na betri zimekwisha. Tulizoea kuanika betri juani ili zipate uhai kidogo. Tukachanga za tochi zote za mabweni, tukazianika, tukachagua zilizo hai, tukasikiliza matangazo ya msiba nje ya ofisi ya walimu, mia kadhaa ya vijana bila hata kikohozi. Usiku huo hakuna aliyekuwa na tochi ya kwendea chooni. Tulishikana mikono.

Mambo mengine nitawaambia kwa ufupi, kwani nayo nimeyaona siku ile.

Msikope nguo za kupigia picha.

Anayewapikia muiteni kwa jina lake. Mama wa jikoni aliyewapikia miaka minne hakutajwa kwenye risala.

Mkifeli, msijifiche. Mkifaulu, nendeni mkawasalimie walimu wa shule ya msingi.

Wavulana, jifunzeni kupika.

Hifadhini majina ya darasa lenu lote, wote, kwenye daftari la karatasi. Simu zinaibiwa.

Na wazazi wenu nao nina neno nao, wakae wasikie. Nimemwona mzazi akimvika mwanawe shada la noti, watu wakishangilia, na nyuma yao darasa halina vioo vya madirisha. Mmewafundisha watoto kwamba sherehe ni kipimo cha mtu. Watoto hawakuitunga ile karatasi kutoka hewani. Wameiona kwenye harusi ambako kadi ya mwaliko inakuja na kiwango, wameiona kwenye misiba ambako daftari la rambirambi linasomwa hadharani kwa sauti.

Rika langu halipo salama pia. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wa kijiji chenye njaa kilichokusanya chakula chote kilichobaki, kikampa kijana mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali akalete chakula. Kijana yule akila kisha asirudi, ni msaliti. Kijana yule ndiye sisi. Katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba miaka ile, waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika watano. Sikulipa ada. Tranka langu alilichonga fundi wa kijijini kwetu bila malipo, blanketi nilipewa na jirani ambaye wanawe wote walikuwa wameshindwa mtihani. Tulipokula tukashiba, wengi wetu tulikaa huko huko. Tuliingia maofisini, na kwa miaka mingi watoto wa majirani wale wale wakawa wanarudishwa nyumbani katikati ya somo kwa sababu ya ada na michango. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye bodi ya shule iliyopitisha mchango wa mlinzi, na nilinyoosha mkono. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, na nilifurahi. Lakini mkono wangu ulinyooka, na sijui ni watoto wangapi waliokosa vipindi kwa ajili yake.

Kwa hiyo nawagombeza kama mtu aliyekaa upande wa ndani wa mlango, wa kwenu na wa kwetu.

Karatasi yenu ninayo. Niliibandua siku ile ile, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti, na hakuna aliyeniuliza. Majina tisa nimeyanakili. Nimekwishawapata saba, wawili bado ninawatafuta. Mmoja naambiwa yuko Itigi kwa mjomba wake. Anayejua alipo huyo wa pili, yule mfupi aliyekuwa anapiga ngoma paredini, aniletee habari.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa 7 mchana, nyumbani kwangu nyuma ya stesheni, patapikwa pilau. Wale tisa ni wageni wangu, na mama zao. Yule mama wa jogoo amekubali kuja mapema kusaidiana na mke wangu. Ninyi wengine nawakaribisha pia, wote, na wale mliopiga kura. Nataka mkae nao kwenye mkeka mmoja, na mwenye la kumwambia mwenzake amwambie hapo.

Kila mtu aje na sahani yake, kwangu hazitoshi.

Babu yenu, wa darasa la 1984