Niongelee kwa baba mdogo

Tuma wangu, kamwene.

Kamwene sana mnyalukolo. Za Mbeya, za baridi, watoto wazima, shemeji hajambo? Huku tupo, bibi mguu umepungua kuvimba, Salome kajifungua wa kiume (najua habari ulishaipata kabla yangu), mvua ndo zile zile za Isimani, inanyesha siku 2 halafu wiki 3 huioni. Najua nimekaa kimya toka Krismasi na meseji zako sijajibu, nisamehe mwenzio. Nilitaka kutuma voisi ila mtandao huku unakatika kila dakika na hili jambo nisingependa ulisikie nusu nusu, bora niandike usome ukiwa umetulia.

Ni kuhusu baba mdogo. Usishtuke, haumwi, jana nimemwona anapita na baiskeli. Ni habari ya shamba lake na langu.

Unaikumbuka ile mistari 4 ya mwisho ya zabibu, ya upande wa kwake, ulipokuja Agosti ukakaa pale chini ukala mpaka ukalalamika tumbo? Imeharibika Tuma. Katikati ya Januari naenda asubuhi kufungua maji naona machipukizi ya juu yamepinda, nikajua kiu, nikaongeza muda wa matone. Siku ya 4 ya 5 majani mapya yakaanza kutoka ya ajabu. Jani la mzabibu unalijua, pana kama kiganja. Haya yanatoka membamba, yamejikunja kama kipepeo cha ukili, mishipa yote imesogeleana imepauka inaelekea mbele, na ncha zina meno marefu kama msumeno. Nilishika moja nikajaribu kulitanua kwa vidole, halitanuki, limekakamaa.

Kwanza nikasema ubwiri, maana msimu wa mvua ndo ugonjwa wetu. Lakini ubwiri unga unaacha unga mweupe, ukipitisha kidole unautoa, hapa hakuna unga wowote. Nikaloweka mwarobaini nikapuliza siku 2 mfululizo, wapi. Nikapiga picha nikamtumia yule mzee wa Hombolo, kule Dodoma, aliyeniuzia vipandikizi, akapiga simu hapo hapo, hata salamu hakutoa, swali la kwanza "jirani yako kapiga dawa gani ya magugu?"

2,4-D. Ile wanayopigia mahindi kwa sababu inaua magugu ya majani mapana na mahindi inayaacha. Sasa mzabibu nao ni jani pana, na mzee anasema ni katika mimea inayodhurika haraka sana na hiyo dawa, haihitaji kumwagiwa, upepo ukileta ukungu kidogo tu imetosha, na kwenye joto kali kuna aina yake ambayo hata ikishatua inainuka tena kama mvuke na kuhama. Ndo nikaikumbuka ile Jumanne. Saa 9 alasiri, jua la kupasua kichwa, upepo unatoka kwake unakuja kwangu, na baba mdogo na kijana wake wanatembea kwenye mahindi na bomba mgongoni. Mimi nipo kwenye zabibu nafunga matawi kwenye waya. Nikampungia mkono, naye akanipungia.

Na ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Nilipogolea mwisho wa Novemba, kwa hiyo Januari ile maua ndo yalikuwa yanageuka tunda, punje kama pilipili manga. Kwenye mistari hiyo 4 nyingi zimepukutika, kikonyo kimebaki na punje 6, 7, zingine ndogo zingine kubwa. Mistari 10 iliyobaki ni mizima, namshukuru Mungu, Machi nitavuna. Ila hiyo 4 ni miche zaidi ya 140 Tuma, na kila mmoja naujua, nimeubeba toka ukiwa kijiti cha pingili 4 ndani ya gunia bichi kwenye basi la Dodoma.

Kuna na hili la kikundi. Machi wanakuja kukagua, si unajua hatuna hela ya kuleta mkaguzi wa nje, sisi wa kilimo hai, tunaolima bila dawa za viwandani, tunakaguana wenyewe kwa wenyewe ndo tuweke ile alama ya Kilimohai. Nimeshawaambia kabla hawajafika. Mistari ile nimeifunga kitambaa chekundu, haitavunwa pamoja na mingine, na yule mama wa Iringa mjini anayechukua zabibu zangu nimempigia nikamweleza. Alinyamaza kidogo halafu akasema ataendelea kuchukua ya upande mwingine, ila akauliza "na msimu ujao?" Sikuwa na jibu. Hilo swali ndo limenifanya nikuandikie.

Kwa sababu baba mdogo atapiga tena. Mahindi ya kwanza yalikauka kwa kile kiangazi cha katikati, juzi kapanda upya kipande cha huku huku karibu na mimi, na yakifika magotini atatoa bomba. Nina wiki 2 au 3 hapo.

Nilikwenda kwake. Nilikwenda vizuri, jioni, na sukari kilo 2, nikasalimia nikakaa nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia "mwanangu, mimi dawa nimepiga kwangu, kwako sijakanyaga." Na kweli hajakanyaga, ndo maana nilikosa la kusema. Mtu ambaye hajawahi kuona dawa inasafiri hewani utamwelezaje? Nikaaga nikaondoka, na kwa umri wake na mimi jinsi nilivyo kwake siwezi kurudi mara ya pili na ya tatu nikaonekana nabishana na mzee.

Wengine wananiambia nenda kwa mtendaji, dai fidia. Kelvin ndo kashupaa kabisa, ameshahesabu mpaka na hela. Mimi sitaki. Baba alipofariki, nani alikuwa wa kwanza kushika jembe kule makaburini? Na nguzo zangu zile za mwanzo zilipoliwa na mchwa ikabidi ninunue za zege, mkokoteni na ng'ombe vilikuwa vya nani, na alikataa hata hela ya mafuta ya kupaka magurudumu. Siwezi kumpeleka mtu huyo ofisini. Ila na zabibu zangu siwezi kuziacha zife, nakuambia ukweli, nimelia shambani siku ile nimekaa kwenye matandazo.

Na usije ukadhani namwona mjinga kwa mahindi yake. Wazee wetu waliishi kwa mahindi hapa, baba alikuwa anatuhadithia Isimani ya miaka ya 1950 na 1960 ilivyokuwa inalisha watu, malori yanapanga foleni, mpaka ardhi ikachoka kwa mahindi juu ya mahindi. Ndo maana mimi nahangaika na samadi ya mbuzi na mabua ya kufunika udongo, nataka hii ekari 1 niiache inapumua. Hata huu ukame mzabibu unauvumilia kuliko mahindi, na zabibu za kiangazi ndo tamu zaidi. Ningependa siku moja naye apande hata mistari 2, ila hayo ya baadae.

Sasa ombi langu. Wewe ni mtoto wa kaka yake, na wewe anakusikiliza, hilo kila mtu anajua toka ile kesi ya ng'ombe wa Mwalimu. Mpigie. Simwambii aache dawa kwenye shamba lake lote, namwomba kile kipande kinachopakana na mimi, hatua 100 hivi, asipige kabisa, na palizi ya hapo nitaleta vibarua nilipe mimi, majembe yangu, chakula changu. Kwingine akipiga basi iwe asubuhi upepo umelala, na aniambie siku moja kabla. Mimi mvua zikikaza napanda mstari wa mlonge na mwarobaini mpakani ukue uwe ukuta. Mzee wa Hombolo kaniambia nisikate chochote sasa hivi, nimwagilie, niongeze samadi, mwezi wa 5 nipogolee tuone machipukizi yatatokaje. Anasema miche mingi itarudi ila inaweza kuchukua zaidi ya msimu mmoja. Basi nangoja, kila asubuhi napita naangalia jani moja moja.

Utampigia lini? Jumapili baada ya ibada huwa yupo nyumbani, unaonaje? Au unafikiri bora uje mwenyewe? Pasaka mnakuja? Na Upendo kaanza kidato cha kwanza shule gani, anaipenda? Zawadi bado anauza pale Mwanjelwa au kahama kama alivyosema? Na wewe ile presha umeenda kupima?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Wako,
Agnes

Halafu Tuma, ukimpigia usianze na zabibu, anza na alizeti. Zile zake mwenyewe alizopanda pembeni ya mahindi zimepinda shingo zote za upande uliokuwa unapokea upepo, shina limejinyonga kama kamba, na juzi nimemwona kasimama pale ameshika moja anaigeuza geuza.