Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viti vya Jinzi Visivyo vya Jinzi

Ndugu wanachama wenzangu,

Mwaka wetu ulianza kwa ugomvi, nami naanzia hapo hapo kwa sababu ugomvi huo ndio uliozaa karibu kazi yote tuliyoifanya. Katika mkutano wa Januari, hapa Wisconsin, Marekani, mwenzetu mmoja alikuja na Gremlin yake ya 1974, lile gari dogo la kampuni ya American Motors, ikiwa imeshonwa siti mpya kwa jinzi halisi ya pamba, ile inayouzwa kwa yadi. Nusu ya ukumbi walimpongeza, nusu wakanuna. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionuna, na nilisema kwa ukali usiostahili. Nimekwisha kumwomba radhi yeye, na leo naiomba mbele yenu.

Hoja yenyewe, hata hivyo, bado naishikilia. American Motors walipoleta viti vya Levi's, jina la jinzi za kampuni ya nguo ya Levi Strauss, kwenye Gremlin za mwaka 1973, havikuwa vya jinzi. Kitambaa kile ni nailoni iliyofumwa ili ifanane na jinzi. Pamba isingehimili miaka ya watu kukaa na kuinuka, na isingepita kwenye kipimo cha moto: kanuni ya usalama namba 302 ya serikali ya Marekani ilianza kutumika Septemba 1972, na inataka kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Kwa hiyo kilichochukuliwa kwa Levi Strauss ni sura: uzi wa rangi ya machungwa, vifungo vya shaba, lebo ndogo mgongoni mwa viti vya mbele, mifuko ya ramani milangoni, na stika kwenye madigadi ya mbele. Sisi tuliovishwa na mitumba ya Gikomba na Manzese lebo hiyo tunaijua vizuri. Tuliitafuta kwa kidole kwenye ukingo wa mfuko kabla hatujauliza bei.

Mimi mwenyewe limenikuta. Miaka sita iliyopita nilipeleka Hornet yangu, gari jingine la American Motors lenye viti hivyo vya Levi's, kwa fundi wa siti ili arudishie mshono mmoja uliofumuka kwenye kiti cha dereva. Niliporudi nilikuta viti vyote vimevuliwa na kuvishwa jinzi ya pamba. Kazi ilikuwa safi, mishono imenyooka. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimeshakwenda na taka, pamoja na vifungo vyake. Kiangazi cha kwanza rangi ilihamia kwenye kanzu niliyovaa kwenda kuswali Idi, mistari miwili ya buluu mgongoni, na haikutoka hadi leo. Kiangazi cha pili upande unaopigwa na jua ulikuwa umepauka kabisa, na ule wa kivulini bado wa buluu.

Baada ya mkutano ule wa Januari tulikubaliana tuache kubishana, tufumue kiti tuone. Bi Katibu alipata kiti cha Gremlin kutoka kwenye gari la skrepa, na kwa Jumamosi nne tulikifumua mshono kwa mshono katika gereji yake, tukichora kila kipande kwenye karatasi ya kaki. Tuliyoyakuta yalinishangaza. Nailoni ilikuwa nzima, isipokuwa kwenye ukingo ambako mtu huteleza akishuka. Uzi ndio uliokufa: ukiuvuta kwa kucha unakatika kama nywele. Chini yake sponji ilikuwa imegeuka vumbi la manjano. Sponji ikishadidimia, mwili wote wa dereva unabebwa na mishono, na mshono wenye uzi mbovu hauna namna ila kuachia. Watu wanaona kiti kimepasuka, wanalaumu kitambaa, wanakitupa.

Basi dawa iko chini ya kitambaa. Weka sponji mpya, tia uzi wa poliesta wa rangi ile ile, kisha rudia mshono kwenye matundu yale yale ya zamani. Hapo usikanyage mota ya cherehani. Zungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu, maana tundu jipya kando ya la zamani ni chanzo cha mpasuko. Kiti kimoja kilitutafuna Jumamosi nzima, na sioni njia ya mkato.

Wenye Jeep CJ za Levi's wameuliza kama haya yanawahusu. Sehemu tu. Siti zenu ni za vinili iliyochapwa sura ya jinzi, na vinili haishonwi mara mbili kwa usalama. Tutawatengea siku yenu.

Julai tulikwenda Kenosha, mji ambako Gremlin nyingi ziliundwa. Magari yaliacha kuundwa pale mwaka 1988. Safari ilikuwa nzuri, wazee walifurahi. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Ombi langu ni kwamba waliotoa pesa zao kununua sponji na nyuzi warudishiwe.

Ninaomba mkutano huu upitishe jambo moja: chama kisichangie tena ununuzi wa jinzi ya pamba kwa ajili ya siti, na fedha hizo ziende kwenye sponji, uzi na vifungo. Kitambaa kile hakifumwi tena. Kilichopo ni kile kilichomo ndani ya magari yetu, na kila kipande kinachotupwa hakirudi.

Mwenzetu wa Gremlin ya 1974, kumbe, hakutupa chochote. Jumamosi ya mwisho alifika na gunia kutoka kwenye buti, ndani yake siti kava zote za asili zimekunjwa kwa uangalifu. Kiti cha dereva tumeshakirudishia. Cha abiria kinasubiri vifungo vitatu vya shaba. Mwenye navyo, hata vilivyopinda, amwone Bi Katibu kabla hajaondoka leo.

Mwenyekiti