Mjomba, wamechomoa diski nzima wakaniachia mbovu

Mjomba, shikamoo.

Ni saa 10 alfajiri, sijalala, na skrini ya seva iko mbele yangu inasoma [UU], yaani diski zote mbili nzima, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu, niihame hii kampuni ninayokodi seva au nisiihame. Lakini acha kwanza nikueleze walichonifanyia, maana kila nikifumba macho naiona ile tiketi.

Niliwapa namba ya diski. Hilo lishike kabla ya mengine yote. Niliwapa namba ya mfululizo, ile iliyobandikwa kwenye lebo, nimeinakili moja kwa moja kutoka smartctl -i, amri inayosoma taarifa za diski yenyewe, sikuiandika kwa kichwa. Na bado fundi wao alichomoa diski nzima akaiacha mbovu.

Mashine yenyewe ni ya kawaida, unaijua: kori 6, RAM GB 64, diski 2 za TB 4 za sahani, RAID 1 ya mdadm (programu inayoziweka diski mbili zibebe data ileile), iko Ujerumani, euro 47 kwa mwezi. sdb, diski ya pili, ilianza kuumwa polepole. Kwenye SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe, mstari wa 5, sekta zilizohamishwa, ulikaa kwenye 8 kwa miezi. Ndani ya wiki moja ukaruka hadi 312, na mstari wa 197, sekta zinazosubiri, ukafika 40. Huo wa 197 ukianza kupanda hakuna mjadala, diski inaaga. Jibu la jumla la SMART bado lilikuwa PASSED, na ndiyo maana mimi silisomi kabisa lile jibu, linasema PASSED hadi siku ya mazishi.

Nikaitoa kwenye safu kwa utaratibu: --fail, halafu --remove, kipande kwa kipande, md0 hadi md2. /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu, ikasoma [U_]. Kuanzia hapo sda, ile nzima, ikabeba kila kitu peke yake.

Kwa siku 9. Najua hapo utaniuliza. Boksi lao si la kuchomoa diski likiwa linawaka, lazima lizimwe, na ulikuwa mwisho wa mwezi, SACCOS wanafunga hesabu, shule mbili zinapokea ada. Nani angezima mashine tarehe 28? Ningeizima, leo ungekuwa unasoma barua ya mweka hazina wao akinisema mimi.

Basi usiku wenyewe ukafika, saa 5 kwa saa zetu. Wakazima, dakika 20, mashine ikawaka, tovuti zikafunguka. Nikaona diski mpya tupu. Nikanakili mgawanyo wa vipande kwa sfdisk, nikapiga mdadm --add, kunakili kukaanza. TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kama saa 7 na nusu. Nikalala. Ndiyo, nililala.

Saa 2 asubuhi karani wa SACCOS akapiga simu. Mwanachama amesimama dirishani, ameshika risiti ya marejesho ya juzi, na kwenye skrini bado anadaiwa yote. Nikadhani ni yeye karani. Nikafungua jedwali la miamala: muamala wa mwisho ulikuwa wa siku 9 nyuma, na baada yake yale machache ya asubuhi hiyo.

Unajua kilichotokea, lakini wasomaji wako wengine huenda hawajui. mdadm huandika kitambulisho kwenye kila diski. Ukiifukuza diski, habari za kufukuzwa kwake zinaandikwa kwenye ile iliyobaki. Iliyofukuzwa yenyewe haijui. Ukiiwasha ikiwa peke yake inajiona ni mwanachama halali ambaye mwenzake kachelewa, inamngoja kidogo, kisha inaendelea bila yeye. Kwa hiyo sdb ikaamka na data ya siku ile niliyoitoa, na mimi kwa mkono wangu nikaanza kuinakili data hiyo ya zamani kwenda kwenye diski mpya. Nilipopiga mdadm --examine, hesabu ya matukio ilikuwa imekatika na kuanza upya kutoka siku 9 nyuma.

Nikawaandikia palepale: irudisheni ile diski mliyotoa, ina data. Wakajibu baada ya saa 3 na dakika 10. Diski zote zinazotoka, walisema, zinapelekwa kufutwa kwa mujibu wa taratibu zao za kulinda taarifa za wateja, na yangu ilikuwa imeshafutwa. Tiketi ikafungwa. Nikaifungua. Ikafungwa. Nimewaandikia mara 4, na katika majibu yote 4 hakuna neno samahani. Kuna "asante kwa uvumilivu wako".

Na niliwapa namba!

Sasa wao wanasema tiketi yangu ilikuwa na utata. Fomu yao ina visanduku viwili: cha juu ni namba ya diski inayobaki, ukijaze kama mbovu haisomeki kabisa, cha chini ni namba ya diski ya kutolewa. Yangu ilikuwa inasomeka, kwa hiyo cha juu sikulazimika kukijaza. Nilikijaza ili kuwasaidia. Diski zote mbili ni za kundi moja la kiwandani, namba zinatofautiana herufi 3 za mwisho, na fundi akachukua ya kwanza aliyoiona. Hilo nalo ni kosa langu? Mtu ukimwonyesha milango miwili, huu mzima huu mbovu, akavunja mzima, utasema umemchanganya?

Kuna watu nimewaeleza wananiletea mafunzo ya baada ya ajali. Mmoja ananiambia ningefuta kitambulisho cha sdb kwa --zero-superblock baada ya kuitoa, mashine isingewaka na ningejua usiku uleule. Ni kweli. Lakini mtu aliyebaki na diski moja hafuti kitu chochote, anaiacha ya zamani kama akiba, na utaona hapa chini kwamba nilikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Mwingine anasema ningewasha taa ya diski mbovu kwa kuisoma mfululizo na dd wakati fundi yuko mbele yake. Mashine imezimwa, taa itatoka wapi? La tatu ndilo linaloniuma: baada ya mashine kuwaka, amri moja ya sekunde 2, smartctl -i kwa diski zote mbili, ningeona ni namba gani imebaki. Saa 6 usiku huenda diski yangu ilikuwa bado mezani kwao, haijafutwa. Sikupiga. Nilikuwa nimewaamini.

Mkataba nimeusoma mara 3 usiku huu. Wanaahidi asilimia 99.9, ambayo kwa mwezi wa siku 30 ni ruhusa ya kuzimika dakika 43. Ukisoma chini unakuta ahadi ni ya mtandao na umeme. Diski ni kubadilishiwa tu, data ni juu ya mteja. Fidia waliyonipa ni mwezi mmoja bure, euro 47. Siitaki. Wakinipa na wa pili sikatai, lakini siitaki.

Utaniuliza bakapu. Bakapu ninayo. Tangu moto wa kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, wa Machi 10, 2021, watu walipopoteza seva na bakapu pamoja, mimi siweki bakapu jengo moja na seva. Yangu inakwenda nchi nyingine kila usiku saa 8, nakala za siku 14. Kwa hilo sina deni na mtu.

Zilikuwa za baiti 20.

Zote 14. Faili tupu ikipita kwenye gzip, programu ya kubana faili, inatoka na baiti 20. Skripti yangu ni ya kawaida, mysqldump inatoa nakala ya hifadhidata na kuimwagia gzip, gzip inaandika faili. Siku 17 kabla ya ajali nilibadilisha nywila ya hifadhidata, kwa usalama, nikasahau ya kwenye skripti. mysqldump ikawa inakataliwa mlangoni, gzip inabana hewa na kumaliza salama, na bila set -o pipefail bash inaangalia programu ya mwisho tu, kwa hiyo kila usiku jibu likawa sawa. Kosa lilikuwa linaandikwa, ila nilishalielekeza /dev/null, shimo la kutupia maandishi, zamani kwa kuchoshwa na lile onyo la nywila kwenye mstari wa amri. Siku ya 15 nakala nzima ya mwisho ikafutwa na utaratibu wangu mwenyewe wa siku 14.

Kwa hiyo mjomba, data yote niliyonayo leo imetoka kwenye ile mbovu. Zile sekta 40 ziliangukia kwenye picha za tovuti za shule, hifadhidata ikasomeka yote. Diski ninayowalaani kwa kuiacha ndiyo iliyobaki na kitu. Lakini wangetoa iliyotakiwa nisingehitaji kuokolewa na chochote, au siyo?

Nimefika hapa katika kurekebisha. Miamala ya SACCOS ya siku zile 9 ni 1,140. Ya simu, 860, nimeirudisha kutoka taarifa za mitandao ya simu, kwa namba ya muamala, kiasi na saa. Iliyobaki 280 ni ya fedha taslimu dirishani. Hiyo iko kwenye risiti za wanachama na kumbukumbu za karani, na karani ameanza likizo.

Kuhama nimekupigia hesabu. Kuleta seva Dar maana yake GB 1,200 kupita kwenye laini ya Mb 20, siku 5 na nusu ikiwa haikatiki. Ingenisaidia siku kama ile ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na kila kilichokuwa nje kikawa kinatambaa. Kuhamia kampuni nyingine hukohuko Ulaya ni saa 3 tu kwa laini ya Gb 1, ushushe TTL, muda ambao anwani ya tovuti hukumbukwa, hadi sekunde 300 siku moja kabla. Kinachochosha ni anwani ya IP. Kampuni za simu zimeruhusu anwani yangu hii tu kupokea taarifa za malipo, na kuibadilisha ni barua, muhuri na kusubiri. Barua pepe nazo, IP mpya ukiikuta iko kwenye orodha nyeusi ya barua taka kwa sababu ya mpangaji aliyepita, umekwisha.

SACCOS nimewaambia wazungu wamechomoa diski. Ni kweli, wamechomoa. Jumatatu mweka hazina anakuja, na anataka barua ya kampuni ya kuthibitisha, aipeleke kwenye kamati. Kampuni wako tayari kuiandika. Wamenitumia rasimu, mistari 6, na wa 5 unasema mteja alithibitisha kwamba hakuwa na bakapu inayotumika. Nimeomba mstari huo utolewe. Wamefunga tiketi.

Nimpe barua ilivyo, au nimwambie wamekataa kuandika? Yule mama amenipa funguo za hesabu za watu 600 na hajawahi kuniuliza bakapu ni nini. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia asihofu, ipo.

Usinijibu kuhusu kuhama. Jana usiku nimewaagiza seva ya pili, kwao hawahawa, ikae pembeni. Namba za diski zake zote mbili nimeshazinakili.

Mpwa wako,
Ilala