Kwa vijana mliomcheka mwenzenu aliyezima

Wanangu,

Jumamosi, harusi ikiwa imekwisha, nilimkuta kijana kalala chali nyuma ya mahema, shati limelowa matapishi. Mlikuwa sita mmemzunguka: watano mnacheka, mmoja anarekodi kwa simu. Nikapiga magoti, na magoti yangu haya mnayajua, nikamlaza ubavu. Mlevi aliyezima anaweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Mkaniambia, "Muache alale, babu, itamtoka." Itoke wapi? Iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akikoroma. Asiyeamka hata akifinywa, au anayepumua kwa kusuasua, hapelekwi kitandani. Anakimbizwa hospitali.

Sasa niambieni, alikuwa na kiu gani yule? Nilikaa meza ya pili, niliona. Raundi ya kwanza alikunywa kidogo kidogo. Ya pili mkamwambia anawachelewesha, akameza. Ya tatu mkamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu! Akainua glasi huku akiwatazama ninyi usoni. Mtoto wa watu alikuwa akiwanywea ninyi. Wengine najua mnatafuta usingizi baada ya kuachwa, au ulimi wa kumsemesha binti. Lakini wengi mnaogopa tu kuonekana washamba, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 za pombe halisi kwa mkao mmoja kuwa ni unywaji wa kupindukia. Hizo ni kama chupa 3 za nusu lita za bia ya asilimia 5. Mnazipita kabla keki haijakatwa! Ini, ambalo ndilo huondoa pombe mwilini, nalo halina haraka yenu, na kahawa au maji ya baridi hayalisukumi.

Mengine nayataja tu: kuleni kwanza, msichanganye na dawa, dereva asinywe.

Na sisi wazee tusijifiche. Sherehe tunaisifu kwa wingi wa makreti, na anayeomba soda tunamuuliza kama anaumwa. Mimi mwenyewe nimeshamuuliza mtu hivyo, akabadilisha glasi kwa aibu.

Video ile ifuteni leo. Kisha mmoja wenu aje nyumbani achukue kiatu cha kushoto cha mwenzenu, ampelekee, akae naye kidogo.

Babu yenu