Tunaomba mahema ya kukodi na vibao vya Kiswahili kandoni mwa maziwa yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ili nizungumze na wanaosimamia hifadhi na misitu iliyo kandoni mwa maziwa yetu, pamoja na walimu wenzangu na wazazi, kuhusu jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya Juni mwaka jana. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari jijini Mwanza na ni mlezi wa klabu ya malihai, yaani klabu ya wanafunzi wanaojifunza kuhifadhi wanyamapori na mazingira. Ninaomba vituo vya kupigia kambi viwe na mahema ambayo mwananchi anaweza kuyakodi kwa shilingi anazozimudu, na maelekezo ya usalama yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama na mzigo kichwani.

Tulisafiri wanafunzi 26, walimu wawili na matroni wa bweni la wasichana, kwenda kulala usiku mbili kandoni mwa ziwa, nje ya mkoa wetu, mahali ambapo sitapataja kwa sababu ninaamini hali niliyoikuta haiko pale peke yake. Jioni ya kwanza, jua likiwa linazama, matroni wetu alichukua ndoo akashika njia nyembamba iliyopita katikati ya matete ili achote maji ya kuoshea vyombo. Njia ile ilikuwa imekanyagwa vizuri, haina nyasi ndefu wala miiba, na yeyote aliyekulia kijijini angeamini kwamba ni njia ya watu. Askari wa wanyamapori aliyekuwa akipita alimwita kwa sauti, akamwomba asimame palepale, kisha arudi kinyumenyume taratibu. Ilikuwa njia ya viboko, na hiyo ndiyo saa yao ya kutoka majini kwenda malishoni.

Baada ya matroni kurudi salama, askari yule alituita sote tusogee karibu, akainama na tochi yake, akatuonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu, sikuwa nimelijua. Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe wala ya binadamu, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana, hivyo huacha mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati yake hubaki tuta dogo lenye majani. Alituambia kwamba kiboko aliye nchi kavu akimwona mtu kati yake na maji huona amezibiwa njia ya kukimbilia, na hapo ndipo anaposhambulia. Wanafunzi walikaa kimya kuliko nilivyowahi kuwaona darasani. Hatua chache kutoka pale, nyuma ya mti, palikuwa na kibao kilichosema karibu yote aliyotueleza, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza pekee, kwa herufi ndogo zilizopauka kwa jua. Matroni wetu ni mama mwenye busara na uzoefu, amelea mabinti wengi, naye anasoma Kiswahili bila shida yoyote. Kibao kile hakikumhesabu kuwa miongoni mwa wageni.

Nasisitiza kwamba askari yule ninamshukuru, na lawama yangu haimhusu. Maarifa yapo, tena yapo kwa Kiswahili kizuri, katika vinywa vya watu wanaolinda hifadhi hizi usiku na mchana, lakini askari hawezi kuwa kwenye kila njia kila jioni. Hayohayo aliyotueleza kwa mdomo yangeweza kusimama langoni mwaka mzima. Kwetu tunaoishi na ziwa yako pia mambo mengine ambayo kibao kingeyasema kwa mistari michache, kama kichocho, ugonjwa unaoenezwa kupitia konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, hasa penye majani. Wanafunzi wangu wamejifunza kichocho kwa ajili ya mtihani, hata hivyo asubuhi ya pili niliwakuta wanne wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakitafuta vijiwe vya rangi. Walichosoma kwenye daftari hakikuwajia akilini pale ufukweni, ambapo hapakuwa na neno lolote la kuwakumbusha.

Sasa nirudi kwenye mahema, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi za shule na za familia zinapofia kabla hazijaanza. Familia ya kawaida ya Mwanza, Musoma au Kigoma haina hema la kulala, na haina sababu ya kununua kitu ghali kitakachotumika mara moja kwa mwaka. Mgeni kutoka Ulaya huja na kampuni iliyomwandalia kila kitu, wakati mwananchi, hata akishalipa kiingilio chake cha shilingi ambacho kwa kweli ni nafuu sana ukilinganisha na cha mgeni, hubaki na chaguo mbili tu, alale hotelini kwa bei asiyoiweza au arudi nyumbani jioni. Sisi tuliazima mahema saba kwa skauti na kwa vijana wa kanisa. Matatu yalivuja, moja lilikuwa na fito iliyovunjika tukaifunga kwa kipande cha mwanzi, na moja lilinuka ukungu kwa sababu aliyelitumia kabla yetu alilikunja likiwa bichi. Tulipofika tuliuliza kama kuna mahema ya kukodi, tukajibiwa kwamba yaliyopo ni ya wageni waliokwisha kuyalipia kupitia wakala wao. Yalikuwa manne, yamesimama matupu usiku wote mbili.

Usiku wa kwanza, muda mrefu baada ya saa sita, upepo uligeuka. Mchana kutwa ulikuwa umetoka ziwani kuja nchi kavu, nasi tukapigilia vigingi vya upande wa ziwa kwa nguvu zote na vya upande wa mlima ovyo ovyo. Nchi kavu ilipopoa kuliko maji, upepo ukashuka kutoka mlimani, ukang'oa hema la wavulana wa kidato cha pili, nao wakabaki wamelala chini ya anga wakicheka kwa mshangao. Nimefundisha pepo za nchi kavu na pepo za ziwa kwa miaka mingi kwa kuchora mishale ubaoni. Wavulana wale hawahitaji tena mishale yangu, na ndiyo maana naona uchungu kwamba somo la namna hiyo linawapata wachache kwa sababu tu ya kukosa turubai na fito.

Maeneo ya kutembelea tunayo, na kutembea kwa miguu ndiko kunakoyafaa. Hifadhi ya Mahale, kandoni mwa Ziwa Tanganyika, haina barabara za magari ndani yake, na mlima wake wa Nkungwe wenye urefu wa mita 2,462 hupandwa kwa miguu. Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, nayo hutembelewa kwa miguu, na wageni hupanda mabonde yake kutoka ufukweni. Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kina sokwe ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969 na kuachiwa humo msituni, kisa ambacho kila mtoto wa Kanda ya Ziwa alipaswa kukisikia akiwa amesimama chini ya miti ile. Hapa Mwanza penyewe tuna Saanane, kisiwa cha miamba kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambacho unakifikia kwa boti kwa dakika chache tu kutoka mjini. Katika hifadhi zenye sokwe, lugha ya maelekezo ni suala la uhai wa wanyama wenyewe, kwa kuwa sokwe huambukizwa mafua na vikohozi vyetu, na mwenye kikohozi hapaswi kabisa kuwakaribia. Mtu asiyeelewa sababu ya katazo hilo atakificha kikohozi chake ili asipoteze nauli.

Najua wapo wanaosema kwamba wananchi wakiruhusiwa kupiga kambi kwa wingi watachafua fukwe na kuchoma misitu. Hofu ya moto ni ya haki, na sisi tuliouona Mlima Kilimanjaro ukiwaka Oktoba 2020 hatuwezi kuipuuza. Hofu ya taka pia ni ya haki. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji zimebaki, na wanafunzi wangu walijaza viroba viwili kwa chupa walizookota ufukweni kwa muda wa saa moja. Wenzetu wa Kenya, tangu tarehe 5 Juni 2020, hawaruhusu plastiki za kutumika mara moja kuingia katika hifadhi na misitu yao, nami ningefurahi kuona nasi tunafika huko. Hata hivyo, anayefukuzwa langoni kwa hofu kwamba atachafua hatapata kamwe nafasi ya kujifunza namna ya kuzima jivu la moto kwa maji hadi libaridi mkononi, kama askari yule alivyowafundisha vijana wetu.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kila kituo cha kambi kiwe na stoo yenye mahema walau kumi na tano na magodoro ya sponji, yanayokodishwa kwa shule na kwa familia kwa barua ya mkuu wa shule au kitambulisho cha taifa, na mkodishaji asirudishiwe dhamana yake mpaka hema limeanikwa likakauka. Kuhusu vibao, klabu yetu imejitolea kuandika maneno bila malipo, na hifadhi yoyote itakayoyataka itayapata kupitia gazeti hili. Cha kwanza tumekwisha kukiandika, na matroni ndiye aliyekisahihisha:

"Njia hii ni ya viboko. Usipite hapa kuanzia jua linapozama hadi litakapopanda. Maji ya kuchota yapo bombani, nyuma ya jiko. Usiingie ziwani penye majani, kuna kichocho. Ukimwona kiboko nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Mwite askari."

Mwalimu wa jiografia,
Mwanza