Kanga ya mama na pazia lako

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza na barabara yetu imeshakuwa mto, ila tumezoea.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari za kazi mpya huko ulikohamishiwa zimenifurahisha sana. Kilichonikaa moyoni ni ile mistari miwili ya mwisho, kwamba huu mwezi wa pili dirisha la sebuleni umelitundika kanga kwa sababu hujaamua ununue pazia gani, na kwamba jioni ukisimama jikoni usijue upike nini, machozi hukutoka. Umeyaandika kama jambo dogo. Mimi najua si dogo, nimepita humo humo, na sijawahi kukusimulia habari ya kanga ya mama.

Ramadhani ya mwaka juzi mama alinipigia simu kutoka Tanga. Kanga zake zimechakaa, nimtafutie doti moja ya Idi. Hakutaja rangi wala jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Jumamosi nikashuka Mtaa wa Uhuru, unayajua maduka yale, kanga zimetundikwa toka mlangoni hadi darini. Nikaanza na mji, yale mapambo ya katikati: nichukue wa maua au wa korosho? Nikaja kwenye pindo. Kisha jina, na jina ndilo lililonimaliza. Yenye rangi nzuri ina maneno ya kusutana na jirani. Yenye maneno ya dua ina pindo la njano, na mama njano haipendi. "Nani kama mama" nilizikuta nyingi, nikasema hiyo anayo kila mtu. Muuzaji, baba wa makamo mwenye subira, akanikunjulia doti baada ya doti mpaka meza haionekani. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikatoka mikono mitupu.

Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Ya tatu nikanunua, lakini hata baada ya kulipa niliendelea kuchungulia maduka mengine nione kama nimekosea. Usiku nikaitandaza kitandani nikaitazama, nikaamua nikaibadilishe. Kwa hiyo sikuipeleka kwa fundi, maana kanga ikishakatwa hairudishwi dukani. Mwezi ukaandama doti bado iko chumbani kwangu, nzima. Mama alikwenda kusali Idi na kanga yake ile ile iliyochakaa.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mwenyewe. Nikaanza kujieleza, mara rangi, mara jina, mara foleni za dukani. Akaikunjua, akaipitisha mkono, akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka kanga." Hakusema kwa hasira. Alimwita mjukuu alete mkasi, akaikata hapo hapo, kipande kimoja akajitanda, cha pili akaniwekea begani. Jina lake hakulisoma mpaka jioni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa naikumbuka dua ya istikhara, ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, ile tuliyofundishwa madrasa, wewe ukiisoma moja kwa moja na mimi nikikwama katikati. Mwalimu alitueleza kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Unasali rakaa mbili, unaomba, unaendelea na jambo lako. Mimi miaka yote nilidhani ni kungoja ndoto au dalili. Halafu yale maneno ya mwisho: unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Shoga, ni *kisha*. Kuridhika kunaombwa kuje nyuma. Mimi nilikuwa nataka kuridhika kwanza ndipo nichague, na dukani hakuna kanga inayoweza kunipa hilo ikiwa bado imening'inia pamoja na wenzake.

Chuoni pia tuliwahi kusomeshwa habari za Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978. Yeye alieleza kwamba binadamu hana muda wala akili ya kupima kila kitu, hivyo hutafuta kinachotosha, na akikipata huacha kutafuta. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama nzuri, na sikuona kabisa kwamba lanihusu.

Sasa nakuambia ninavyofanya. Kabla ya kuingia dukani naamua mambo mawili au matatu ambayo kitu lazima kiwe nayo. Cha kwanza kinachoyatimiza nakichukua. Ikiwa ni kanga, naipeleka kwa fundi palepale aikate na kuipinda, na njia ya kurudi kituoni sitazami madukani. Hilo la kutotazama ndilo gumu kuliko yote, na bado linanishinda siku nyingine. Chakula nimekipangia siku: Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Watoto walinung'unika siku chache za mwanzo, sasa hata hawaulizi. Kiwanja au shule ya mtoto sitakwambia uchague hivi, hayo kaeni chini na shemeji myapime mpaka mtosheke.

Lakini kuna jambo nimelifikiri sana, nawe nisamehe nikikosea. Kanga ile haikuwa kanga tu kwangu. Nimekaa mbali na mama miaka mingi, simu zangu ni za haraka haraka, na nadhani nilitaka kitambaa kimwambie yote niliyoshindwa kumwambia. Ndiyo maana hakuna jina lililotosha. Najiuliza kama pazia lako nalo halijabebeshwa mzigo. Uhamisho hukuuomba. Ukitundika pazia umekubali kwamba hapo ndipo nyumbani, na pengine moyo wako haujafika huko. Kama ni hivyo, lia kwa ajili ya hilo, ulie vizuri, unipigie tulie wote. Pazia liache liwe kitambaa cha kuzuia jua.

Pima dirisha unitumie urefu na upana. Jumamosi nitaingia duka moja tu. Nitachukua zito lisilopitisha mwanga, na lisiwe jeupe kwa sababu ya vumbi la huko. Rangi nitajua mimi, wewe utaiona likifika. Nitakuja nalo kwa treni mwisho wa mwezi nikijaaliwa. Usihangaike nitakula nini, nitakula kilichopo siku hiyo. Ile kanga ya dirishani ifue uniwekee, nasikia usiku wa Dodoma una baridi.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Temeke